Udi Shingoni mwa Pamba

Kila jioni Bi Shamsa humpakata paka wake, Pamba, na kumnusa shingoni, penye harufu ya jua na vumbi la mkaa. Leo shingo ilinukia udi, tena udi uliozidi sukari. Mjini hapo aliyepika udi hivyo ni mmoja tu, dada yake Mwanakombo, asiyesemezana naye tangu matanga ya mama yao.

"Haya, na huko nako unapakatwa?"

Pamba alifumba macho.

Bi Shamsa aliwasha chetezo, akatia udi wake wenye karafuu, ule ambao Mwanakombo alizoea kuucheka. Akamshika paka karibu na moshi hadi manyoya yakakolea, kisha akamfungulia mlango.

Pamba alikaa kizingitini, akaanza kujilamba.