Sauti ya Nyuma

Mzee Numbi aliomba glasi ya maji. Amisa alipomletea, hakunywa. Aliiweka juu ya bafle ya kushoto, kile kisanduku cheusi cha sauti kilichosimama kando ya televisheni, kisha akainama na kuyakodolea maji macho.

"Mufungue pazia yote," alisema. "Minye situmikake mu giza."

Kassim akafungua. Mwanga wa saa tisa mchana ukaingia katika nyumba yao ya mtaa wa Panda na kuziangukia bafle tano: tatu mbele, mbili nyuma ya viti. Zilikuja pamoja na ampli yao, chombo cha kukuza sauti, juu ya lori la unga kutoka Zambia, na dereva aliapa kwamba filamu ikionyesha helikopta, utaisikia ikikupita kichwani na kutua nyuma ya mgongo wako.

Kassim alimwamini. Alitaka kuigeuza sebule yake kuwa ukumbi wa video, akabadilishana na dereva: yeye achukue ampli na bafle, dereva achukue frigo. Frigo ilikuwa ya Amisa. Ndimo alimotunza samaki wa ziwa Tshangalele aliowauza sokoni, na samaki hao ndio walioilisha nyumba. Hakuulizwa.

Sasa ilikuwa wiki ya tatu, na bafle za nyuma hazijatoa hata mkwaruzo. Asubuhi hiyo Amisa alimwambia mumewe bila kupandisha sauti: "Kama sauti haitoke nyuma leo, weye utatoka mbele."

Ndipo Kassim akamkimbilia Numbi, fundi umeme mstaafu wa mtambo wa kusaga mawe. Watu walisema hakuna chombo cha sauti kilichowahi kumshinda.

Kwenye kiti cha pembeni aliketi Augustin, fundi wa redio wa sokoni, mikono kifuani. Yeye ndiye aliyeunga ampli mara ya kwanza, kisha akatangaza kwamba imekufa, akajitolea kuichukua na kutoa baiskeli isiyo na breki badala yake. Alikuja kumwona mzee akishindwa.

"Papa, unaona itapona?" Kassim aliuliza kutoka nyuma.

Mzee hakujibu. Mkewe Martine, aliyemshikia mfuko wa nyaya, akamgusa bega.

"Ukisema na minye, simama mbele yangu," Numbi alimwambia Kassim kwa sauti kubwa isiyopanda wala kushuka, sauti ya watu waliozoea mashine. "Minye siko boyi yako."

"Pardon, papa." Kassim akahamia mbele haraka.

Filamu ikawekwa, helikopta ikaanza kunguruma. Numbi akatazama glasi: maji tuli. Akaihamishia bafle ya kulia: tuli. Alipoiweka juu ya ile ya katikati, maji yakacheza.

"Sauti yote imerundikana hapa katikati," alisema.

"Na ya nyuma?" Kassim aliuliza, akiwa bado mbele yake.

"Ya nyuma haiko na njia yake mu kaseti, mwana wangu. Kaseti iko na njia mbili tu, kushoto na kulia. Ya nyuma wameificha mule mule. Ampli inalinganisha hizo mbili: kinachofanana inakiweka katikati, kinachopingana inakitupa nyuma. Sasa kama kushoto na kulia ni kitu kimoja, itatupa nini?"

"Maneno ya kitabu," Augustin alisema nyuma yake. "Muongo huyu. Anadanganya watu na glasi ya maji."

Numbi hakugeuka. Alikunja mikono ya shati taratibu, uso wake shwari. Amisa alimtazama kwa heshima. Uvumilivu wa namna hiyo hakuwahi kuuona kwa mwanamume.

Mzee akapiga magoti nyuma ya mashine ya video, akavuta waya. Ulitoka mmoja, kisha ukagawanywa kuwa miwili kabla ya kuingia kwenye ampli.

"Nani aliunga hii?"

Watu wote wakamtazama Augustin.

"Mono," mzee alisema. "Amechukua kushoto peke yake, akaipatia jina mbili."

Martine akatoa mfukoni waya wa njia mbili. Numbi akauchomeka, akazipandisha bafle za nyuma juu ya makabati, akamketisha Amisa kwenye kiti cha katikati. Yeye akasimama mbele yake, mgongo kwa televisheni.

"Mama, kila mahali helikopta iko, unionyeshe na kidole."

Kidole cha Amisa kikaanzia kushoto. Kikasogea katikati, kikapanda, kikapita juu ya kitambaa chake cha kichwa. Ghafla aligeuka mzima mzima.

"Iko nyuma! Kassim, iko nyuma yetu!"

Augustin alikuwa ameinamisha kichwa kana kwamba mapanga ya helikopta yangemkata.

Amisa alicheka mpaka machozi. Akawafungia wageni samaki wakavu wanne, wakubwa kuliko wote. Kassim akapumua kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

Mlangoni, Augustin alimzuia mzee, akasimama mbele yake kwa adabu. "Papa, unipokee nikuwe mwanafunzi wako. Minye siko na masikio kama ya weye."

"Masikio inadanganyaka," Numbi alimjibu, akaenda zake.

Barabarani, lori la mawe likawajia kutoka nyuma, likipiga honi mfululizo. Watu wakarukia mtaroni. Numbi aliendelea kutembea katikati ya njia, samaki mkononi, mpaka Martine akamvuta kwa mkono wa shati, kama alivyomvuta kila siku tangu mtambo wa kusaga mawe ulipoyamaliza masikio yake yote mawili.

Lori lilipopita, mzee alisimama mbele ya mkewe na kuitazama midomo yake.

"Sasa uniambie," alisema. "Ile sauti ya nyuma inaliaka namna gani?"