Ngazi za Uwanja

Kwa miezi minane Mize alitoka nyumbani kila alfajiri akisema anakwenda mazoezini, na kila mwezi alipeleka gauni jingine kwa fundi likabanwe. Mumewe, Machano, hakuamini. Mwanamke wa miaka hamsini hajikondeshi bure. Siku moja ya manyunyu alimfuata nyumanyuma mpaka uwanja wa mpira, akajibanza getini.

Mize alikuwa akipanda na kushuka ngazi za jukwaa, kanga imelowa, anahema. Machano alikagua kila pembe akimtafuta mtu wa pili. Hakumwona.

"Toka huko, nimeshakuona," Mize alisema bila kusimama.

Machano akajitokeza. "Unakonda kwa ajili ya nani?"

"Kwa ajili ya magoti yangu. Mwaka jana yalinishinda kuinuka kwenye sijda, ukaninyanyua wewe. Umesahau?"

Alikuwa amesahau. Alitazama tena viti vitupu, kisha akavua makubadhi, akaanza kupanda. Ngazi ya tisa pumzi zikamwishia. Juu yake mgongo wa mkewe ulizidi kwenda katika manyunyu, naye hakuweza kujua kama Mize alikuwa akipunguza mwendo ili amngoje.