Simu Kutoka Paragwai

Hebu tegueni kitendawili hiki, wajukuu zangu: ana nyumba yake mwenyewe, lakini kila akiingia anauliza taulo zinakaa wapi. Mmeshindwa? Ni kocha wa Kiholanzi anayefundisha mpira nchi za watu.

Mume wa Hilligje, bibi mmoja wa Uholanzi, alikuwa kocha wa namna hiyo. Sasa alikuwa amestaafu, na alimwapia mkewe kwamba atamuuguza mwenyewe akipasuliwa nyonga mwezi ujao.

Siku ya kuzaliwa ya Hilligje, viti vilipangwa duara sebuleni kama ilivyo ada ya Waholanzi, na kila aliyeingia alimpongeza kila aliyeketi.

"Hongera kwa siku ya mkeo, shemeji!" dada yake Hilligje alimtania mzee. "Leo tunakuona mzimamzima, siyo ndani ya simu!"

Watu wakacheka. Hapo hapo simu ikatetemeka kando ya keki. Mzee akatoka nayo nje, akarudi masikio yamemwiva.

"Nani huyo?" Hilligje aliuliza.

"Paragwai. Timu yao inashuka daraja."

"Utakwenda?"

Vidole vya mzee vilikuwa vikitoa vipande vya sukari bakulini na kuvipanga juu ya kitambaa cha meza: kipa, mabeki, viungo. Hilligje alikamata fimbo yake ya kutembelea mpaka mkono ukamuuma.

"Nakuuliza wewe, mume wangu. Utakwenda?"

Mzee akasogeza kipande kimoja, akakirudisha, akakunja uso.

"Hawana beki wa kushoto," akasema.