Sanda ya Kilimani

Jembe la Sittina liligonga mfupa. Kila Jumapili tangu uhuru, yeye na wenzake wa kujitolea walipanda kilima hiki nje ya mji wa Mahajanga kufyeka na kufukua, uwanja wa vita dhidi ya Wafaransa usije ukamezwa na vichaka. Mifupa ya waliopigania nchi ilivikwa sanda. Ya askari wa Wafaransa ilitiwa guniani.

Mbavuni mwa mfu huyo mlinasa kifungo cha shaba chenye nanga, cha koti la jeshi la Wafaransa. Kando yake, hirizi ya fedha.

Sittina alishika hirizi ya shingoni mwake. Zilikuwa pacha: hii ya bibi yake, ile ya babu yake, aliyesifiwa nyumbani kuwa shujaa aliyefia hapa akipigania nchi.

"Bi Sittina, ni wetu au wao?" kiongozi wa kikundi aliuliza.

Alikifumbata kifungo hadi kikamchoma.

"Leteni sanda."