Ufunguo Mmoja wa Ngedere

Wanyama walikuwa na ghala la vyumba saba, na mbegu zao zote za mwaka zilikuwa humo. Mlinzi wake alikuwa Kakakuona, aliyevaa funguo saba shingoni.

Siku moja ukuta wa chumba cha majembe ulipasuka. Akaitwa Ngedere, fundi kutoka msitu wa jirani. Kakakuona akachomoa ufunguo mmoja, akampa.

"Mmoja tu?" Ngedere akafoka. "Kwingine hunipa zote! Umeniona mwizi, mzee?"

"La, fundi wangu. Kazi yako iko chumba kimoja. Hata mimi nikienda kuoga, funguo zangu nazivua, maana huko sina kazi nazo."

Ngedere akakanda udongo huku amenuna.

Mchana alikwenda mtoni kuchota maji, akautundika ufunguo tawini. Kicheche, aliyekuwa akimvizia, akaunyakua, akakimbia hadi ghalani. Akajaribu mlango wa mbegu, ukakataa. Akajaribu wa karanga, ukakataa. Uliokubali ni wa majembe, naye akaingia kwa pupa, akazama hadi magotini katika udongo wa fundi. Kakakuona akamkuta humo humo.

Ngedere akaja mbio. "Mzee, nimewaua kwa njaa! Mbegu zimekwisha?"

"Haijapotea hata punje, mwanangu."

Ngedere akauokota ufunguo, akaupangusa, akauvaa shingoni. Tangu siku hiyo, popote anapoitwa, huenda ametanua kifua. Wakimpa funguo zote, huzirudisha mbele ya watu.

"Nipeni mmoja," husema kwa maringo. "Mimi ni fundi wa ukuta huu."