Alama Kwenye Kijiti

Kazi ya kushusha gari, yaani kulifanya likae chini karibu na ardhi, huwa naikataa. Vijana wa hapa Kinoru huitaka kwa maringo, na shokabsoba zao zilishakufa zamani. Za Misheck, mteja aliyeniletea gari siku hiyo, zilikuwa zinavuja mafuta.

"Gari litaruka kama mbuzi," nilimwambia. "Ukifika Nkubu mgongo umekwisha."

"Weka tu hizi springi fupi nilizoleta, fundi. Si maringo."

Akatoa kijiti cha mti wa kahawa chenye alama ya kisu. Mama yake mgonjwa, akasema, anaweza kuinua mguu hadi hapo tu, na hataki kubebwa kuingizwa garini.

Nikafunga zile springi fupi, nikateremsha jeki, nikasimamisha kijiti mlangoni. Kizingiti kililingana na alama sawasawa. Nilijiona fundi kweli.

Misheck hakutabasamu. Alikigeuza kijiti. Upande wa pili kulikuwa na alama nyingine, chini zaidi. Ya kwanza ilikuwa imeshakuwa nyeusi kwa kushikwashikwa. Hii ilikuwa nyeupe.

"Hiyo nyeusi ni ya siku nilipoagiza springi," alisema. "Hii nimechonga leo asubuhi. Kuna fupi kuliko hizi?"

Nikainama, nikaanza kukaza nati niliyokuwa nimeshaikaza.