Kiti cha Nyuma

Sheria inataka kila mwanafunzi wa urubani ampakie ndugu wa nyumbani kwenye kiti cha nyuma, asije akafanya masihara angani. Siku zote Naetwe alimpakia mumewe, Elinazi. Leo, mara yake ya kwanza kuruka bila mwalimu, alikuja mama mkwe na kitenge chake cha kanisani.

“Elinazi anaumwa tumbo. Twende, mwanangu.”

Naetwe alikagua mabawa na mafuta, akamfunga mama mkanda, akauvuta tena na tena. Kisha akatazama kitambaa cha mlingotini. Upepo ulikuwa umekinyoosha kama ubao.

“Mama, upepo umezidi. Leo haturuki.”

Mama mkwe akashusha pumzi. “Asante. Kuku wangu nimeshawagawia wajukuu.”

Kule uzioni Elinazi alisimama akiwatazama, wala hakushika tumbo.